Ambao Hawakuota Meno

Karani alisema jibu bado halijapatikana.

Alisema kwa adabu, kwa ile sauti yake ya mtu wa pwani ambayo watoto wa Ndolwa waliiga wakiwa njiani kwenda shule. "Samahani sana, mama Sangiwa. Nimetafuta tena, sijafika mwisho. Naomba uzidi kunivumilia."

"Nakuvumilia," Nakundwa akajibu. Alikuwa amezoea kumjibu.

Alikaa kwenye benchi la zahanati, Sangiwa amemlalia mapajani. Mtoto alikuwa na miaka sita na miguu mirefu ya baba yake, lakini miguu hiyo ilikuwa imeacha kazi tangu masika yaliyopita. Zamani alikimbia. Kisha akawa anatembea akishika ukuta, kisha akawa mtu wa kukaa. Sasa maneno nayo yalikuwa yameanza kuondoka. Mkononi alivaa bangili ya mpira iliyolia kila sukari ya mwili wake ilipotaka kushuka, na ikilia lazima anyweshwe uji hapo hapo, hata kama amelala. Bila bangili ile asingemaliza hata mwaka mmoja. Hilo Nakundwa aliambiwa mapema. Lisilojulikana lilikuwa ni kitu gani kinachomla mwanawe, na kimetoka wapi.

Karani hakuwa mtu. Alikuwa kisanduku cha rangi ya maziwa kilichofungwa ukutani, juu ya meza ya chanjo. Jina lake la serikalini lilikuwa kisomadamu, na kila zahanati ya milimani ililetewa cha kwake. Tone moja la damu lilimtosha kusoma yote ambayo mtu alirithi kwa wazazi, na wazazi kwa wazazi wao. Lakini kabla ya kusoma aliuliza maswali mengi mno, ndiyo maana watu wakamwita Karani.

"Bibi Niwaeli!" Nesi Aikande alitokea chumba cha ndani akijifuta mikono. "Leo umeniletea tangawizi, au umekuja mikono mitupu kama Wapare wenzako?"

Bibi Niwaeli, mama yake Nakundwa, alikuwa amekaa mwisho wa benchi na mwamvuli wake kati ya magoti. "Mchaga nimpe tangawizi? Si ataniuzia mimi mwenyewe kesho?"

"Nitakupunguzia bei. Wewe ni mtani wangu."

"Bei ya Mchaga ikipungua ujue kitu kimeoza."

Walicheka wote wawili. Nakundwa naye akatabasamu kidogo. Walikuwa wakitukanana hivyo tangu Aikande ahamishiwe Ndolwa, na wakati mwingine ilikuwa ndiyo sauti pekee ya furaha katika chumba kile.

Kisha Aikande akaacha kucheka. Akavuta kigoda akakaa mbele ya Nakundwa, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Majibu ya tumbo yametoka," akasema. "Ni mvulana. Na Karani ameona lile badiliko kwake pia."

Nakundwa aliweka kiganja juu ya tumbo lake, ambalo lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kuonekana chini ya kanga.

"Karani, mweleze tena," Aikande akasema. "Polepole."

"Katika damu ya Sangiwa kuna badiliko moja dogo ambalo sijaliona kwa mtu mwingine yeyote niliyemsoma," Karani akasema. "Lipo kwako, mama. Lipo kwa bibi. Sasa lipo na kwa aliye tumboni. Huenda ndilo linalomuumiza mtoto. Huenda ni alama tu, kama baka la kuzaliwa, na ugonjwa unatoka kwingine. Siwezi kujua kwa kuwatazama wanawake."

"Ni kama doti ya kanga," Aikande akaongeza. "Mwanamke amepewa vipande viwili. Kimoja kikichanika, anajifunika kingine, hakuna anayejua. Mwanamume kapewa kimoja tu."

"Nahitaji mwanamume mwingine wa damu hii," Karani akasema. "Mwenye afya au aliyeugua. Yeyote."

"Sina kaka," Nakundwa akasema. "Dada zangu wamezaa wasichana watupu. Mama naye alizaliwa peke yake. Nimekwisha kukwambia."

"Ndiyo. Na bibi aliniambia amejaliwa watoto wanne, wote wa kike. Ndivyo nilivyoandika."

Ukutani, nyuma ya kichwa cha Aikande, palibandikwa tangazo ambalo Nakundwa alilijua kwa moyo. Mtoto aliye tumboni hatibiwi damu kwa kushuku. Sindano ya tumboni, ile ya kurekebisha damu ya mtoto kabla hajazaliwa, ilipoanza, wenye uwezo walirekebishiwa watoto urefu na rangi, na baadhi ya watoto hao walizaliwa na madhara ambayo hakuna aliyeyategemea. Ndipo ikaamriwa kwamba sindano itolewe kwa ugonjwa uliothibitika tu, na kabla mimba haijafika nusu. Ikishafika nusu, mwili umekwisha kujengeka.

"Tumebakiwa na wiki chache," Aikande akasema kwa sauti ndogo.

Bibi Niwaeli akasimama. Alijifunga kitenge upya, akakaza fundo, akatoka. Hakuaga. Mwamvuli ukabaki umeegemea benchi.

"He! Mpare kaacha mali yake!" Aikande akaita mlangoni. "Leo itanyesha mvua ya mawe!"

Akasubiri kurudishiwa tusi. Bibi alikuwa ameshavuka uwanja, na hakugeuka.

*

Siku zilizofuata Bibi hakuonekana. Kwa kawaida alivuka kijito kila siku kuja kumsaidia binti yake, maana mume wa Nakundwa, Kiangi, alishinda kwenye mashamba ya tangawizi na mtoto hakuweza kuachwa. Nakundwa alidhani mama yake anaumwa. Akapanga kwenda kumtazama, lakini bangili ya Sangiwa ililia mara nyingi wiki ile.

Wiki ile ile, Sangiwa alipoteza neno "baba". Asubuhi Kiangi alimwinamia kama kawaida yake, akamuuliza, "Mimi nani?" Mtoto akamtazama kwa upendo, midomo ikatafuta, haikupata.

"Basi, mimi nimeshafutwa," Kiangi akasema, akacheka, akachukua jembe. Nakundwa alimwona akiwa njiani amesimama ameshika mti, mgongo ukitikisika.

Maneno yaliyobaki yalikuwa "uji", "bibi" na "hapana".

Ndipo alasiri moja Bibi akaja na sufuria ya makande kichwani. Alimkuta Sangiwa amelala barazani kwenye mkeka, kando ya tangawizi iliyoanikwa. Akaitua sufuria. Akasimama hapo akimtazama mtoto kwa muda mrefu mpaka Nakundwa akatoka jikoni kuona kuna nini.

Sangiwa alilala kama alivyolala siku zote, ngumi zimefungwa, vidole gumba vimefichwa ndani.

"Wote walilala hivi," Bibi akasema.

"Akina nani, mama?"

"Kaka zako."

Nakundwa alidhani amesikia vibaya. Alikaa chini kando ya mkeka.

Bibi hakumtazama. Alizungumza akimwangalia mtoto. "Nilizaa wavulana watatu. Wawili kabla yako. Wa tatu alikuja wewe ukiwa unatambaa. Walinyonya vizuri. Walicheka. Kisha mtoto anafika ule wakati wa kulala usiku kucha bila kuamka kunyonya, na mama anashukuru kwamba sasa atapumzika. Mimi nilishukuru mara ya kwanza. Asubuhi nikamkuta wa baridi. Vidole gumba vimo ndani ya ngumi, hivi hivi."

"Karani alikuuliza." Sauti ya Nakundwa ilitoka kama ya mtu mwingine. "Nilikuwepo. Alikuuliza umejaliwa watoto wangapi."

"Aliniuliza watoto. Nikamtajia watoto."

"Mama!"

"Kwa ukoo wa baba yako, ambaye hajaota meno hahesabiwi. Hapewi jina. Hafanyiwi matanga. Wanawake wanamzika migombani, na kesho yake mama yake anakwenda shambani kama wenzake. Ukimtaja, unamwita arudi aanze kukusumbua. Niliyakuta hayo nilipoolewa, nikayashika. Leo mtu ananiuliza nina watoto wangapi, nianze kumtajia hao? Hata wewe ungenishangaa."

"Nimekaa kwenye benchi lile miaka sita." Nakundwa alikuwa hajui kama analia au anapiga kelele. "Miaka sita, mama, unakaa nami, unashika mwamvuli wako. Na hii mimba niliibeba kwa sababu Karani alisema hajaona ugonjwa katika ukoo. Alisema hivyo kwa sababu yako!"

"Ningejuaje kwamba ni kitu kimoja? Mimi niliambiwa ni maziwa."

"Maziwa gani?"

"Bibi yako, mama yake baba yako. Alisema maziwa yangu ni machungu kwa wavulana. Huyu wa kwako hakufa. Ameota meno, amekimbia, ameongea. Nikasema, basi huyu anaumwa kitu kingine." Kwa mara ya kwanza aligeuza uso. "Na kama ningesema, Nakundwa? Kama ningesema kabla hujaolewa, ungemzaa huyu?"

Nakundwa akafungua kinywa.

Bangili ikalia. Wote wawili waliinuka kwa pamoja, mmoja kwenda kwenye chupa ya uji, mwingine kumwinua mtoto, na kwa muda hapakuwa na maneno isipokuwa ya kumbembeleza anywe. Swali lile halikujibiwa, siku hiyo wala baadaye.

*

Nakundwa alimweleza Aikande, na Aikande akamuuliza Karani. Kwamba waliozikwa ni wachanga, na ni miaka mingi, haikuwa kikwazo. Mifupa ya mtoto mchanga haidumu katika udongo mweusi wa migombani, lakini udongo wenyewe hutunza chembe za mtu aliyelala ndani yake, na chembe zilimtosha Karani. Kilichohitajika kilikuwa kibali.

"Kibali cha mama mzazi peke yake," Karani akasema. "Akikataa, sitapokea udongo, hata ukiletwa na binti yake."

Kwa hiyo Aikande akavuka kijito pamoja na Nakundwa. Nesi alibeba mwamvuli wa Bibi na kisanduku kidogo cha safari ambacho Karani alikitumia kusemea akiwa nje ya zahanati. Sangiwa alikuwa mgongoni mwa mama yake, amefungwa kwa kanga kama mtoto wa mwaka mmoja, miguu ikigonga mapaja ya Nakundwa kila hatua.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Aliwaona, akaendelea kuchambua.

"Nimekuletea mwamvuli," Aikande akasema. "Kwa uchukuzi wangu utanilipa makande."

"Mmekuja kunifukulia watoto."

Nakundwa alimfungua Sangiwa, akamkalisha karibu na bibi yake, na mtoto akaegemea ubavu ule alioujua.

"Mama," Nakundwa akasema, "sikuja kukulazimisha."

"Unajua mimi naogopa nini? Unadhani naogopa watarudi?" Bibi aliyaacha maharage. "Laiti wangerudi. Naogopa hicho kisanduku. Nilipoambiwa ni maziwa, nilikubali. Maziwa ni kitu kidogo, yanakauka, yanaisha. Damu ni mimi mzima. Mkichimba pale mkakuta ni damu, basi ni mimi niliyewaua. Na huyu ni mimi. Na huyo uliyembeba ni mimi. Nitakula vipi, nitalala vipi, nikiwa na jambo hilo?"

Njia nzima Nakundwa alikuwa amejiandalia maneno: kwamba aliye tumboni hana kosa, kwamba wiki zinakwisha. Aliyatazama maneno hayo moyoni akaona hakuna hata moja analoweza kulitupa kwa mama yake. Yeye mwenyewe alikuwa amempa Sangiwa kipande kile kile kilichochanika. Kama mama yake aliua, yeye anafanya nini?

Akakaa kwenye kizingiti upande wa pili. Akaanza kuchambua maharage.

Aliyesema alikuwa Aikande. Alisimama mbele yao ameshika kiuno, akasema kwa sauti ya matusi yao ya kila siku, ingawa macho yake yalikuwa yamejaa. "Bibi, nimesikia habari za ubahili wa Wapare tangu nazaliwa, lakini wewe umewashinda wote. Misiba mitatu! Misiba mitatu umeifungia ndani peke yako, hata jirani hukumgawia. Watani wako tungekuja. Tungekula makande yako yote, tungekutukana, tungekulilia. Wewe ukatunyima. Ukaenda shambani na jembe lako. Mtu gani anaficha hata msiba?"

Bibi akacheka. Kilitoka kicheko kweli, kifupi, kilichomshtua yeye mwenyewe. Kikaendelea kutoka mpaka kikabadilika, na Nakundwa akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mama yake maisha yake yote. Sangiwa akaweka kiganja chake shavuni pa bibi yake.

"Bibi," mtoto akasema.

Ilichukua muda. Mwishoni mwanamke mzee akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Sisi hatuwezi kuchimba," akasema. "Wenye msiba hawachimbi."

"Wenye msiba wanakaa," Aikande akasema. "Mtani ndiye anayeshika jembe. Liko wapi?"

*

Nyuma ya nyumba, migomba ilishuka kwa ngazi mpaka kijitoni. Nakundwa alikulia pale. Alikumbuka kwamba kwenye ngazi ya pili watoto hawakuruhusiwa kukata majani, na kwamba mama yake alipalilia pale kwa mkono, bila jembe, akiwa amepiga magoti. Hakuwahi kuuliza kwa nini.

Hapakuwa na jiwe wala alama yoyote. Bibi alivua ndara akashuka peku. Hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja akasimama kati ya migomba miwili.

"Hapa."

Aikande alichimba taratibu, akitoa udongo kama mtu anayefukua viazi asivyotaka kuvikata. Ulipobadilika rangi kidogo aliacha jembe. Akatoa kijiti chembamba cha chuma, akakichomeka, akakichomoa, akakitia kwenye tundu la kile kisanduku kidogo.

"Ahsante," Karani akasema. "Jina la mtoto, tafadhali."

Walitazamana.

"Andika mtoto wa kwanza," Aikande akasema.

"Samahani, nesi. Siruhusiwi kupokea sampuli ya mtu asiye na jina."

"Hawakupewa majina," Nakundwa akasema. "Umeshaelezwa desturi ya ukoo. Waliondoka kabla ya—"

"Mbonea," Bibi akasema.

Alisema bila kufikiri, kama mtu anayeulizwa jina la mtoto aliye mgongoni mwake.

"Mbonea," Karani akarudia. "Nimeandika."

Bibi alipiga hatua chache, akasimama tena. "Hapa." Aikande akachimba. "Huyu ni Kisaka. Alikuwa akicheka hata akiwa peke yake."

"Kisaka. Nimeandika."

Wa tatu alikuwa pembeni, karibu na mfereji. Pale Bibi alikaa chini kabisa, akaweka viganja juu ya ardhi, na Aikande ilibidi amsubiri. Walipomaliza, Karani akauliza jina kama alivyouliza mwanzo.

"Sangiwa."

"Jina hilo ni la mgonjwa wangu. Je, bibi amekosea, au ni mtu mwingine?"

"Ni mtu mwingine."

Nakundwa alikuwa amesimama na mwanawe mgongoni. Alikumbuka siku jino la kwanza la mtoto lilipochomoza. Mama yake alivuka kijito mbio, akasimama mbele ya Kiangi mlangoni, na kwa aibu kubwa, maana mwanamke hamwombi mkwewe jambo kama hilo, akaomba yeye ndiye amchagulie mjukuu jina. Kiangi alikubali kwa heshima. Toka siku hiyo Bibi alikuwa mtu wa kumwita mtoto yule kila saa, ana haja au hana haja. Aliita kutoka ng'ambo ya kijito. Aliita akiwa jikoni, akiwa barazani. Sangiwa! Watu walisema bibi huyu anampenda mjukuu kupita kiasi. Kumbe alikuwa amepata mahali pa kumwita mwanawe kwa sauti mbele za watu, na hakuna aliyeweza kumkataza.

"Basi naomba nisahihishe nilichoandika zamani," Karani akasema. "Bibi, umejaliwa watoto wangapi?"

Bibi Niwaeli aliinua kichwa. Alijibu kwa nguvu, kana kwamba anayepaswa kusikia alikuwa chini kule kijitoni.

"Saba."

*

Jibu lilikuja asubuhi yenye ukungu, chumba cha zahanati kikiwa kimejaa wao tu. Kiangi alikuwa hakwenda shambani. Alikuwa amevaa shati la kanisani, amempakata Sangiwa aliyekuwa usingizini. Nakundwa na mama yake walikaa kwenye benchi lile lile, na mwamvuli kati yao.

"Nimepata jibu," Karani akasema. Hakutia samahani mbele, na kwa hilo Nakundwa akajua. "Mbonea alikuwa na badiliko hilo. Kisaka alikuwa nalo. Sangiwa wa kwanza alikuwa nalo. Ndilo linaloumiza. Hakuna shaka tena."

Bibi aliinamisha kichwa. Nakundwa alimshika mkono, akaukuta umefungwa ngumi.

"Mama Sangiwa, kibali cha sindano ya tumboni kimetoka leo. Hospitali kubwa ya bondeni wanakungoja. Muda bado upo."

"Na huyu?" Kiangi akauliza.

"Dawa hiyo hufanya kazi wakati mwili unajengwa. Yeye amekwisha kujengeka. Naweza kuwafundisha kumlisha vizuri zaidi, apungukiwe na maumivu. Sitaki kuwadanganya kwamba atafika ukubwani."

Aikande aligeukia dirisha.

Kiangi alikuwa akinyoosha vidole vya mwanawe, kimoja kimoja, na vikijifunga anaanza upya. "Kwa hiyo miaka yote tulikuwa tunamtafutia huyu jibu," akasema, "na jibu lilikuwa la mdogo wake. Tunakwenda kumtengeneza mdogo wake ili asifanane naye."

"Asiumwe kama yeye," Nakundwa akasema.

"Ndiyo. Najua. Nakwenda, nitakubeba hata mgongoni mpaka huko bondeni. Lakini niacheni niseme mara moja. Mimi huyu nilimpenda hivi hivi."

Hapakuwa na aliyempinga.

"Jambo moja limebaki," Karani akasema. "Ugonjwa huu haujawahi kuandikwa mahali popote. Ninyi ndio familia ya kwanza kujulikana. Kwa kawaida wenye kuugundua wana haki ya kuupa jina."

"Usipewe," Bibi akasema.

"Samahani, bibi?"

"Huo usipewe jina. Huo ndio usiohesabiwa."

"Nitauandika kwa namba tu."

"Haya."

Kisha Karani akaanza kumuuliza Nakundwa maswali ya kumpeleka hospitali, yale ambayo Nakundwa aliyajua yote: jina la ukoo, kijiji, umri, chakula kinachomdhuru. Akajibu moja baada ya jingine kwa sauti ya kuchoka. Mpaka likafika lile.

"Umejaliwa watoto wangapi?"

Nakundwa alimwangalia mwanawe. Jino lake la mbele lilikuwa linalegea, kama la mtoto yeyote wa umri wake. Hakujua kama mapya yatawahi kuota.

"Wawili," akasema.

"Aliye tumboni hajazaliwa bado, mama. Kwa desturi naandika waliozaliwa."

"Andika wawili."

"Nimeandika wawili."

"Na siku nyingine utakaponiuliza, mwaka wowote, hata kama nitakuja hapa nimeshika mmoja tu mkononi, nitakujibu hivyo hivyo. Unanisikia? Usije ukanisahihisha."

"Sitakusahihisha," Karani akasema.

Sangiwa alikuwa ameamka kwa ile sauti ya mama yake iliyopanda. Aliwatazama mmoja mmoja, baba, nesi, mama. Alipofika kwa Bibi alikunja uso, midomo ikaanza kutafuta. Bibi akamsogelea, akangoja, kidogo kidogo akiitikia kwa kichwa kama mtu anayemsaidia mwenzake kubeba mzigo.

"Uji," mtoto akasema hatimaye.

Bangili haikuwa imelia. Neno lililotafutwa halikuwa hilo, na wote walijua.

"Naam, Sangiwa," Bibi akasema. "Nipo hapa." Akafungua chupa, akammiminia.